Gari Lililopenda Miteremko

Shemeji yangu aliijua Nairobi kwa miteremko yake. Watu wengine huukumbuka mji kwa maduka, kwa makanisa, au kwa mahali walipoibiwa. Yeye ukimtajia barabara yoyote, alikuambia kwanza inalalia upande gani. Kuhusu barabara kuu ya katikati ya mji, ile yenye maduka ya vioo vikubwa, alisema kwa huzuni, "Tambarare tupu ile. Haina faida kwa binadamu." Lakini akifika pale lami inapoanza kupanda kuelekea Kilimani, uso ulimkunjuka kama mtu aliyeona moshi wa jikoni kwao.

Alikuwa dereva wa memsab, bibi mmoja wa Kizungu, mjane, aliyekaa Kitisuru, na gari la memsab lilikuwa na ugonjwa. Ukibonyeza kitufe cha stata ili injini iamke, siku nyingine iliamka, siku nyingine ilitoa sauti moja tu, kama mlango wa kabati unaofungwa, basi. Dawa ya shemeji ilikuwa kuegesha gari mahali penye mteremko. Alimshusha memsab mlangoni mwa duka, akapanda na gari mpaka kilimani, akaliweka pua chini, akasubiri. Memsab akimaliza kununua vitu vyake, shemeji aliachia breki, gari likajisukuma lenyewe, akaingiza gia, injini ikanguruma, akateremka kwa heshima kama bwana harusi. Tatizo ni kwamba mara nyingi memsab alimaliza kununua kabla shemeji hajamwona, ikambidi amfuate kilimani kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa na visigino vyembamba.

"Kwa nini wewe naweka gari mbali?" aliuliza.

"Kivuli, memsab. Jua inaharibu rangi ya gari."

"Hapa hapana kivuli."

"Kitakuja, memsab. Saa kumi hivi."

Haya yote nilisimuliwa na shemeji mwenyewe, kwa hiyo yapunguze kidogo.

Unaweza kuuliza kwa nini hakumwambia memsab ukweli, gari likapelekwa gereji. Memsab alikuwa na imani moja kuhusu magari: gari haliharibiki, huharibiwa na dereva. Aliyemtangulia shemeji alifukuzwa kwa sababu ya gia, na aliyemtangulia huyo kwa sababu ya breki. Shemeji hakutaka kuwa dereva wa stata. Kazi ile ilikuwa na chumba nyuma ya nyumba ya memsab, na katika chumba kile aliishi dada yangu na mtoto wao aliyekuwa anaanza kusimama kwa kushika ndoo. Siku zile za Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikisaka waasi na silaha zao, mtu akipoteza kazi hakukaa mjini kutafuta nyingine kwa raha zake. Alirudi kwao. Kwao na kwetu ni magharibi, mbali, na dada alikuwa amekwisha panda sukuma wiki nyuma ya chumba.

Ndiyo maana siku moja dada alinijia kazini, mtoto mgongoni, akanikuta chini ya lori. Nilikuwa kijana wa mkono, msaidizi tu wa mafundi, katika gereji ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, katika kichochoro cha nyuma ya River Road. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuvirudisha vikiwa bado vimekufa, lakini safi. Nakiri kwamba usafi ndio uliokuwa ugonjwa wangu mimi. Bolti nilizitandaza juu ya gazeti kwa mpangilio zilivyotoka, na mtu akiisogeza moja, chakula hakikushuka. Spana nilizifuta kabla ya kazi, baada ya kazi, na katikati ya kazi nikiwa na wasiwasi, na wasiwasi nilikuwa nao daima. Wenzangu waliniita Bibi Harusi.

"Wewe si unajua stata?" dada aliuliza.

"Najua kidogo."

"Kidogo hiyo itoshe. Memsab amesema akitembea kilima kimoja tena, au gari likikataa mbele yake mara moja tu, anatafuta dereva mwingine. Sitaki kurudi nyumbani na mama mkwe anihesabie vijiko."

Jumapili hiyo, memsab akiwa kanisani na marafiki waliomchukua kwa gari lao, nilifika Kitisuru kwa baiskeli. Gari lilikuwa juu ya kibarabara cha kuingilia, pua chini kama kawaida.

"Usilale chini kwanza," shemeji aliniambia. "Lisikilize. Mimi nafikiri ni betri. Au ni baridi ya huku."

Nilimwomba awashe taa kubwa, kisha abonyeze kitufe. Hii ndiyo njia niliyokuwa nimejivumbulia, na baadaye nikaona aibu kugundua kwamba kila fundi duniani anaijua: taa zikibaki vilevile, umeme haujafika kwenye stata; taa zikififia, umeme umefika lakini stata imekwama. Alibonyeza. Taa zilififia mpaka zikawa kama macho ya mtu anayesinzia kwenye mahubiri.

"Si betri," nilisema. "Stata imekwama."

"Umejua kwa kutazama taa?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekaa na taa hizo mwaka mzima."

Nyuma ya stata palikuwa na ncha ya chuma yenye pembe nne. Niliishika kwa spana nikaizungusha kidogo, nikasikia kitu kikiachia ndani. Shemeji akabonyeza, injini ikaamka. Alitaka tuishie hapo, tule. Nilikataa, nikaifungua stata nikaitoa. Kigurudumu chake kidogo, kile kinachokwenda kuuma gurudumu kubwa la injini, kilikuwa kimeliwa meno upande mmoja, na mhimili ulicheza kwenye tundu lake kama jino la mtoto. Ningeweza kuizungusha kwa spana kila siku mpaka kiama, na kila siku ingekwama tena. Ilihitaji nyingine. Nikairudisha ile mbovu mahali pake kwa muda, nikaifuta ingawa sikuona sababu.

Nyuma ya gereji yetu palikuwa na gari dogo la mizigo la aina ileile, lililowahi kuungua upande wa nyuma na kuachwa kuku walitagie. Tajiri wangu, yule Kalasinga, alikubali nichukue stata yake, kwa sharti kwamba nisafishe karakana nzima. Aliniwekea sharti la kufanya kitu ambacho ningemwomba aniruhusu. Niliifungulia mezani na kusafisha ndani yake, nikaiunga na betri ili niijaribu. Nilisahau kuibana. Iliruka kutoka mezani kama kuku aliyekatwa kichwa, ikamfuata tajiri mpaka mlangoni na waya wake.

"Iko mzima," alisema kutoka nje. "Toa hiyo kwangu."

Memsab alipokwenda Naivasha kwa treni kutembelea rafiki zake, nilifunga stata ndani ya gunia, nikalifunga gunia nyuma ya baiskeli, nikaondoka mapema. Sikuwa nimefikiri jambo moja. Chuma cha mviringo, kizito, chenye waya, ndani ya gunia, juu ya baiskeli ya kijana mwenye jasho la wasiwasi, katika siku zile. Kabla ya kufika Westlands askari alinisimamisha. Alikuwa mtu mnene, na bunduki alikuwa ameishika kama mwavuli.

"Nini hiyo?"

"Stata, afande."

"Stata ya nini?"

"Ya gari."

"Gari iko wapi?"

"Kitisuru."

"Na wewe uko hapa. Na stata iko hapa." Aliizunguka baiskeli. "Sasa hiyo gari inaenda namna gani?"

"Haiendi, afande. Ndiyo sababu."

Nilikuwa na vyeti vyangu vyote vya kukaa mjini, lakini hakuvitazama. Alinyoosha kidole akagusa gunia, akarudi nyuma hatua. Mtu mwenye akili angesema kidogo na kunyamaza. Mimi nikiogopa huwa naeleza. Nilimweleza umeme unavyoingia, kigurudumu kinavyoruka mbele na kuuma, meno yanavyoliwa. Nikamwonyesha kwa vidole. Nikafungua gunia bila kuombwa. Mwishowe yeye ndiye aliyechoka.

"Lori yetu ya kambini inafanya hivyohivyo," alisema. "Inatoa sauti moja, inanyamaza. Tunasukuma kama ng'ombe."

"Mjaribu kuwasha taa, afande, halafu..."

"Nenda," alisema. "Nenda kabla sijakuwa fundi."

Kuifunga stata mpya hakukunipa shida. Nilitoa kwanza waya wa betri, nikalala chini, shemeji akanipa spana nilizomwomba na nyingine nisizomwomba. Tulipomaliza alibonyeza kitufe, na injini iliamka kabla hajaondoa kidole. Alizima, akabonyeza, ikaamka. Dada alitoka na mtoto, mtoto naye akapigishwa makofi. Shemeji alimshika mkono dada akamzungusha mbele ya nyumba ya memsab, kitu ambacho sidhani kilikuwa kimeruhusiwa.

Hapo ndipo mtu mwingine angenawa mikono. Mimi niliinama tena chini ya boneti, nikaona kutu.

Si nyingi. Mabaka tu, kandokando ya stata mpya, na stata yenyewe, kwa kuwa ilitoka kwenye gari lililoungua, ilikuwa na rangi ya sufuria ya ugali. Ilinikera. Niliona aibu kuacha kazi nzuri ikiwa na sura ile. Na nilikuwa nimekuja na kopo la rangi nyeusi, ile ya kupakia fremu za malori, kwa maana nilijijua. Nilipaka stata. Nikapaka bolti zake. Kisha nikaona utepe wa waya uliosukwa, unaotoka kwenye injini na kufungwa kwenye bodi ya gari, umeingia kijani kama shilingi ya kale. Niliufungua ncha zote mbili, nikaupaka, nikapaka na mahali unapokalia, nikaurudisha ukiwa bado na unyevu, nikaukaza, na juu yake nikapitisha brashi mara ya mwisho ili pasionekane alama ya spana. Nilirudi nyuma nikatazama. Ningeweza kulala humo ndani.

"Liwashe tena tusikie," shemeji alisema.

"Hapana. Rangi bado mbichi. Mtetemo utaleta michirizi."

Aliniheshimu. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba aliniheshimu.

Siku zilizofuata gari lilifanya kazi vizuri kabisa, na sababu yake nilikuja kuijua baadaye. Shemeji alikuwa ameponywa gari lakini hakuponywa tabia. Kila asubuhi aliliachia breki kwenye kile kibarabara cha Kitisuru, likateremka, likawaka. Mjini aliegesha kilimani, karibu zaidi kidogo ili memsab asitembee, lakini kilimani. Kitufe hakukigusa. Ni kama mtu aliyenunuliwa viatu akaendelea kuvibeba mkononi.

Mahali pekee ambapo mteremko haukuwepo ni Woodley. Kila Alhamisi mchana memsab alikwenda huko kucheza karata kwa rafiki yake, katika zile nyumba za baraza la mji kando ya Ngong Road, mahali palipolala kama meza. Zamani shemeji aliacha injini ikinguruma nje muda wote wa karata, akimwambia memsab kwamba injini hii ikipoa hupata mafua. Alhamisi hii alikuwa ameamua kuzima. Alikuwa amemwambia memsab, kwa kiburi ambacho afadhali angekiweka akiba, kwamba leo ataona gari linavyowashwa na dereva anayejua.

Shemeji alinitajia siku na saa, na sikuweza kukaa River Road nikisubiri habari. Nilimwomba tajiri nipeleke vipuri kwa mteja wa Ngong Road, nikavipeleka mbio, nikaenda kujificha nyuma ya ua wa miiba wa yule rafiki wa memsab. Nilitaka kusikia tu. Sauti moja nzuri ya stata yangu, halafu niende zangu.

Memsab alitoka, akaagana na mwenzake, akaingia kiti cha nyuma. Shemeji alifunga mlango kwa adabu, akakaa, akavuta choki, kile kirungu cha kuwashia injini iliyopoa, akabonyeza.

Gari likapumua. Sina neno jingine. Si sauti ya kukwama, si ukimya. Pumzi ndefu ya mtu mgonjwa.

Alibonyeza tena. Pumzi ikawa fupi zaidi.

"Ngoja kidogo, memsab. Inajikohoza."

"Wewe nasema mimi taona dereva najua."

"Ndiyo, memsab. Bado unaona."

Alibonyeza kwa muda mrefu, mkono mwingine ukiwa kwenye kile kirungu cha choki, na ghafla akakiachia akatia vidole mdomoni. Kutoka kwenye dashibodi kulipanda uzi wa moshi.

"Nini nanuka?" memsab aliuliza. "Wewe navuta sigara?"

"Hapana, memsab. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Basi nani navuta?"

Nilimwona shemeji akitazama barabara mbele, kisha nyuma, akitafuta mteremko wowote, hata wa kupitisha maji. Na memsab alikuwa ameanza kuvaa glavu zake kidole kimoja kimoja, taratibu, jinsi mtu anavyofanya akiwa amekwisha amua jambo. Nilifikiria sukuma wiki za dada. Nikatoka kupitia ule ua.

Miiba haikutaka nitoke. Nilifika garini shati likiwa limechanika bega.

"Nani huyu?" alisema memsab.

"Fundi, memsab," alisema shemeji, bila kupepesa. "Alikuwa anapita."

"Fundi napita ndani ya maua ya rafiki yangu?"

"Ni njia ya mkato, memsab."

Nilifungua boneti. Uzuri wake ulinipiga usoni, ule weusi wote uking'aa. "Bonyeza," nilimwambia shemeji. Alibonyeza kwa kidole kilichobaki kizima. Stata ikapumua, na waya mwembamba wa choki, ule unaotoka ndani ya gari kuja kwenye injini, ukafuka moshi.

Nilielewa papo hapo, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kumwagiwa maji. Umeme ukiingia kwenye stata lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, na hiyo njia ni bodi ya gari. Injini imekalia mipira, haigusi bodi vizuri, kwa hiyo njia yake ni ule utepe uliosukwa. Utepe nilikuwa nimeuvalisha rangi ncha zote, juu na chini, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Rangi haipitishi umeme. Umeme, ukikosa barabara, ulikuwa unarudi kwa kichochoro, kwenye kiwaya cha choki, na kuunguza vidole vya shemeji yangu. Sikuwahi kuona mtu akiziba njia kwa ustadi kama wangu.

Nilihitaji kitu cha kukwangulia. Spana nilikuwa nayo, ndogo, haikosi mfukoni. Kisu sikuwa nacho, na siku zile hakuna mtu mwenye akili aliyetembea na kisu.

"Memsab," nilisema, "una kitu cha kukwaruza?"

Alifungua mkoba, akatoa tupa ndogo ya kucha yenye mpini wa pembe, akanipa kupitia dirishani. Nadhani alitaka kuona mwisho wa mambo.

Nilifungua utepe, nikaanza kukwangua. Kila mkwaruzo niliusikia menoni. Rangi ilitoka kwa maganda, kazi yangu iliyokuwa haina mchirizi hata mmoja, na chini yake chuma kikatokea cheupe, cha aibu. Nilikwangua ncha hii, nikakwangua ile, nikakwangua mahali zinapokalia. Nilitaka kuzungushia ukingo mzuri. Nilijizuia, na nataka ijulikane kwamba nilijizuia. Nikakaza.

"Bonyeza."

Injini iliamka kabla neno halijaisha.

Shemeji alipiga honi, nadhani bila kujua. Lakini memsab hakuondoka. Aliinua kidole kimoja chenye glavu.

"Zima."

Akazima.

"Washa."

Ikawaka.

"Zima. Washa."

Alimfanyisha hivyo mpaka rafiki yake akarudi mlangoni kutazama. Kisha akashuka, akaja mbele, akainama chini ya boneti karibu nami. Alitazama ule weusi, akatazama ile tupa yake, ambayo sasa ingefaa kunolea jembe.

"Nani napaka hii?"

Shemeji alijibu kwa niaba yangu, akiwa amekaa pale pale. "Ni yeye, memsab. Tena alinikataza nisiwashe, rangi isiharibike."

Bega moja la memsab lilitikisika, kisha la pili, na nikagundua kwamba anacheka, kwa namna ya watu wasio na mazoea. "Mimi natembea kilima siku zote," alisema, "mimi nasema dereva yangu iko mvivu. Kumbe iko ogopa." Akarudi kiti chake cha nyuma. Kabla ya kufunga mlango alimwambia shemeji, "Kesho wewe naweka gari mbele ya duka. Mbele kabisa. Kama mimi naona wewe juu ya kilima, wewe nakwenda kwenu. Nasikia?"

"Nasikia, memsab."

Tupa hakuidai. Ninayo mpaka leo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kitisuru. Dada aliniambia kwamba shemeji hana furaha kamili: siku hizi akiegesha mbele ya duka hana la kufanya, na watu wake wa kilimani, muuza magazeti na mpiga rangi viatu, wanauliza kama alihama mji. Lakini alikuwa amepewa bustani kubwa zaidi ya mboga, na mtoto alikuwa anatembea akishika ukuta.

Nilikunywa chai. Nilizungumza mambo mengine. Kisha nikasema kwamba ningependa kuliangalia gari, kidogo tu. Nilipofungua boneti, viraka vile vyeupe vilikuwa vinaniangalia, viwili, kimoja kikubwa kuliko kingine, na kingo zake zimepinda. Ningeweza kupaka kuzunguka tu, bila kugusa palipokutana chuma kwa chuma. Kwa uangalifu. Kwa brashi nyembamba. Kopo nilikuwa nimeliacha chini ya kitanda cha dada.

"Halipo," dada alisema kutoka mlangoni, na sikuwa nimeuliza neno. "Rangi nimepaka mlango wa choo. Yote."

Nilikwenda kuona. Alikuwa amepaka kwa harakaharaka, michirizi ilikuwa imeteremka mpaka chini, na upande wa bawaba alikuwa ameruka kabisa.

"Dada," nilisema, "nipe basi hiyo brashi."

"Nimeichoma," alisema. "Njoo umalize chai."